Plateleti zake ziko sawa, mbona damu imeganda?

Mombasa tumelijua neno plateleti, yaani chembe sahani za damu, kwa sababu ya homa ya dengue. Kabla ya mlipuko wa 2013 na 2014, watu waliokuwa wakiuliza habari zake mtaani walikuwa wachache. Baada ya ule, na baada ya mingine ya 2017 na 2021, hukosi nyumba Majengo, Tudor au Kisauni yenye mtu anayejua kwamba kiwango cha kawaida ni 150,000 hadi 450,000 katika kila mikrolita ya damu. Zikishuka chini ya laki moja, ukoo mzima huanza kupigiana simu. Mimi nafanya kazi maabara, kwa hivyo simu nyingi huishia kwangu. "Dada, za mtoto ni themanini na nne, tufanyeje?" Elfu haitajwi tena, sote twajua. Na kabla sijajibu, kuna mtu ameshatumwa akachume majani ya mpapai.

Hofu hiyo ina msingi wake. Lakini imetuachia fikra moja ambayo naiona ina madhara: kwamba habari yote ya chembe hizi iko kwenye hesabu. Zikiwa chache, utavuja damu. Zikiwa za kutosha, umesalimika. Mtu akishaiona ile namba imeangukia ndani ya mipaka iliyochapishwa pembeni, anakunja karatasi na kushukuru Mungu.

Hesabu ni sehemu tu ya habari. Chembe sahani zilizomo katika damu ya mtu mmoja hazifanyi kazi moja. Wengi wetu tunazijua zile zinazoshikana kuziba tundu. Lakini baadhi yake, zikisukumwa vya kutosha, huacha kushikana na wenzake, huvimba, hugeuza ngozi yake nje, na kuwa mahali ambapo mgando wenyewe hutengenezwa. Nitaziita chembe chochezi, kwa kuwa kazi yake ni kuuchochea mgando. Ni kundi dogo, na karibu kila ninachokieleza hapa chini kinalihusu.

Swali lililonifanya nikae chini niandike liliulizwa na binamu yangu kwenye baraza ya wodi. Shangazi yetu, anayeishi Likoni, aliamka alfajiri kutawadha, mkono wa kulia ukakataa kushika kopo. Mdomo ukaenda upande. Nyumbani wakasema ni upepo, jirani akaja na mafuta ya kuchua, na jua lilikuwa limeshapanda walipovuka feri kumleta hospitali. Picha ya CT ya kichwa haikuonyesha damu iliyomwagika. Kilikuwa kiharusi cha kuziba: bonge la damu limekaa kwenye ateri ya ubongo upande wa kushoto. Majibu ya hesabu ya damu yalipotoka, binamu yangu, ambaye aliwahi kuugua dengue na tangu hapo anajua mstari gani wa kutafuta, akaweka kidole kwenye karatasi. 236.

"Dada, plateleti zake ziko sawa. Sasa mbona damu imeganda?"

Ni swali bora kuliko mengi ninayoulizwa, na nilitaka alipate jibu lake kamili.

Chembe sahani ni kitu kidogo ajabu. Upana wake ni mikromita mbili au tatu, hata nusu ya chembe nyekundu haifiki. Haina kiini. Ni kipande kilichomeguka kutoka kwenye seli kubwa ya uboho, na huishi siku saba hadi kumi kabla wengu na ini havijaiondoa. Mwili wa mtu mzima hutengeneza takriban bilioni 100 kila siku. Nikiitazama filamu ya damu iliyotiwa rangi, naziona kama vitone vya zambarau vilivyotawanyika baina ya chembe nyekundu, na anayejifunza mara nyingi huzidhania uchafu wa rangi. Hata wanasayansi walizitilia shaka kwa muda mrefu, mpaka Mwitalia Giulio Bizzozero, mwanzoni mwa miaka ya 1880, alipozitazama ndani ya mishipa ya mnyama aliye hai na kuonyesha kwamba ukuta wa mshipa ukijeruhiwa, hizi ndizo zinazowahi kufika na kujikusanya.

Sehemu hiyo ya kujikusanya inajulikana vizuri. Ukuta wa mshipa ukipasuka, kolajeni, protini ya nyuzi iliyofichika chini yake, hubaki wazi. Chembe sahani hunata hapo, hubadili umbo, humwaga kemikali za kuita nyingine, na protini iliyo juu ya ngozi yake hufunguka na kuidaka fibrinojeni, ambayo huunganisha chembe moja na ya pili. Kizibo cha kwanza kimepatikana. Lakini kizibo hiki ni legelege. Kikiachwa hivyo, msukumo wa damu utakibomoa. Kinahitaji nyuzi za fibrini zikifunge, fibrini hutengenezwa na trombini, na trombini nayo lazima itoke kwenye prothrombini, ambayo wakati wote inaelea kwenye damu ikiwa haina madhara yoyote.

Mwaka 1964, Macfarlane huko Uingereza, na Davie na Ratnoff huko Marekani, kila upande kwa njia yake, walieleza mfuatano wa protini hizi: moja inaiamsha ya pili, ya pili inaiamsha ya tatu, hadi trombini. Mchoro ule tumeukariri sote tuliosomea kazi hii, mishale juu mishale chini. Ni mchoro mzuri. Ila hauonyeshi jambo moja kubwa: haya yote yanafanyika wapi?

Kwa mtu wa Mombasa naweza kulieleza hivi. Meli inaweza kuelea nje ya Kilindini na shehena yake yote, malori yakawa yameshapanga foleni toka Changamwe, na wapakuzi wako tayari. Mpaka meli ipate gati, hakuna kontena litakaloshuka. Damu yetu imejaa shehena inayoelea. Faktori ya kumi, mojawapo ya protini zile za mfuatano, ikikutana na prothrombini katikati ya majimaji ya damu, kazi yake ni ya pole mno, haiwezi kumwokoa anayetokwa na damu. Lakini ikifunga kwenye uso unaofaa, na mwenzake faktori ya tano akafunga pembeni yake, kasi ya kutengeneza trombini huongezeka takriban mara 300,000. Uso huo unaofaa, kwa sehemu kubwa, ni ngozi ya chembe sahani chochezi. Ndiyo gati.

Na ajabu ni kwamba gati hili halionekani siku za kawaida. Ngozi ya kila seli ina tabaka mbili za mafuta. Mafuta ya aina moja, fosfatidilserini, huwekwa tabaka la ndani, na chembe sahani hutumia nguvu zake muda wote kuyarudisha ndani yakijaribu kutoka. Kwa hivyo damu inapita juu ya chembe sahani mamilioni kwa mamilioni bila kupata pa kufunga. Ingekuwa mafuta hayo yako nje wakati wote, tungeganda tukiwa tumekaa.

Ni nini kinachoyatoa nje? Kalsiamu. Ndani ya chembe iliyotulia, kalsiamu ni kidogo sana. Nje, kwenye damu, ni maelfu ya mara zaidi. Msisimko mdogo huipandisha kalsiamu ya ndani kidogo na kwa muda mfupi, na hiyo yatosha kuifanya chembe ishikane na wenzake. Lakini chembe ikiguswa na vichocheo viwili vikali kwa wakati mmoja, kolajeni upande huu na trombini upande ule, kalsiamu hupanda juu na kukaa juu. Mitokondria, zile sehemu zinazoipa nguvu, hufurika kalsiamu na kuharibika. Kisha hufunguka mlango wa protini iitwayo TMEM16F, ambao huyachanganya mafuta ya tabaka mbili bila kuchagua. Fosfatidilserini inatokeza nje. Chembe inavimba, inakuwa duara, na hairudi tena ilivyokuwa. Imetoa maisha yake kuwa gati.

Kuna jambo hapa ambalo kila nikilifikiria hunipendeza. Chembe sahani zina akiba yake ya faktori ya tano, karibu sehemu moja ya tano ya yote iliyomo kwenye damu, na huimwaga pale pale inapoamshwa. Yaani inajenga gati na kuleta sehemu ya shehena yenyewe.

Si chembe zote zinazofika huko. Kundi la watafiti wa Oklahoma, wakiongozwa na George Dale, mwaka 2002 walieleza namna chembe zilizochochewa kwa kolajeni na trombini kwa pamoja zinavyojifunika protini za mgando juu ya ngozi yake. Walipopima watu wenye afya, kwa wastani karibu theluthi moja tu ya chembe ndizo zilizobadilika hivyo. Nyingine, zilizo kwenye chupa hiyo hiyo na zilizopewa kichocheo hicho hicho, hazikubadilika. Na kiwango hicho kinatofautiana sana baina ya mtu na mtu. Watu wawili wanaweza kuja dirishani kwetu na karatasi zenye 236, mmoja akawa na chembe chache mno zinazoweza kuwa gati, wa pili akawa nazo nyingi. Mashine yetu itawaandikia namba moja.

Sasa niseme habari ya chupa ya kifuniko cha bluu, kwa sababu hapo ndipo mimi mwenyewe niliielewa vizuri habari hii.

Mgonjwa akiandikiwa vipimo vya kuganda kwa damu, PT na APTT, tunamtoa damu kwenye chupa hiyo. Ndani yake mna sitrati, sehemu moja kwa sehemu tisa za damu, ndiyo maana tunasisitiza ijazwe mpaka kwenye alama. Sitrati huikamata kalsiamu yote. Bila kalsiamu, protini za mgando hazina kamba ya kujifungia kwenye gati, na damu hubaki majimaji. Kisha chupa inaingia kwenye mashine ya kuzungusha, chembe zinazama chini, yanabaki juu majimaji ya njano. Hayo ndiyo tunayoyapima. Tunayatia kalsiamu upya pamoja na kemikali ya kuanzisha mgando, saa inaanza kuhesabu, na kwa mtu mzima mzima wa afya PT hutoka kwenye sekunde 11 hadi 13 au 14.

Lakini hebu tazama tumefanya nini. Chembe sahani tumezizamisha, tumezitoa kwenye mchezo. Mbona basi majimaji yanaganda? Yanaganda kwa sababu kemikali ile ya chupani ina mafuta ndani yake, mafuta yale yale ya kufungia. Zamani yalitokana na ubongo wa sungura. Siku hizi aghalabu hutengenezwa kiwandani. Maabara inamletea mgonjwa gati la kuazima, halafu inaandika kwamba bandari yake inafanya kazi.

Simaanishi vipimo hivyo havina maana. Vinatuambia habari za protini, za ini, za vitamini K, za wafarini, dawa ya kupunguza mgando. Lakini gati la mgonjwa mwenyewe havilitazami. Hesabu ya damu nayo hulipita bila kuliona.

Ushahidi kwamba jambo hili si la vitabuni tu uko kwenye ugonjwa adimu uitwao ugonjwa wa Scott, ulioelezwa Marekani mwaka 1979. Mwanamke mmoja alikuwa akivuja damu kupita kiasi kila alipong'olewa jino na kila alipojifungua. Wakapima hesabu ya chembe sahani: ya kawaida. Wakapima zinavyoshikana: vizuri kabisa. PT na APTT: sawa. Kwa karatasi, mwanamke huyu hakuwa mgonjwa. Kilichomfichua ni kipimo kinachotumia damu yake mwenyewe bila kuazima mafuta. Damu iliachwa igande, na baada ya hapo prothrombini nyingi ikakutwa bado imebaki bila kutumika. Shehena ilikuwepo yote, haikupakuliwa. Ilichukua zaidi ya miaka 30 kujua ni kwa nini, mpaka mwaka 2010 watafiti wa Japani, Jun Suzuki na Shigekazu Nagata na wenzao, walipoitambua TMEM16F na kuonyesha kwamba mgonjwa wa Scott waliyemchunguza ana kasoro kwenye jeni ya protini hiyo. Mlango haufunguki, mafuta hayatoki, gati halijengwi.

Nikiisoma habari ya mwanamke yule huwafikiria akina mama waliovuja damu wakati wa kujifungua na majibu yao ya maabara yakaandikwa "kawaida". Wengi wao walikuwa na sababu nyingine, tena za kawaida zaidi: kizazi kulegea, kondo kubaki, mchaniko. Ugonjwa wa Scott ni nadra sana. Hata hivyo neno "kawaida" kwenye fomu zetu nimejifunza kulisoma kuwa ni kawaida ya kile kilichopimwa, basi.

Bonge lenyewe nalo limepangwa. Chukua damu kwenye chupa isiyo na dawa, iache kwenye kishikilio. Dakika chache baadaye imeganda, ukiinamisha chupa haimwagiki. Iache zaidi, utaona bonge linajikunja, linaachana na kioo, na majimaji ya manjano yanatoka pembeni. Zinazolikunja ni chembe sahani zilizoshikana, zikivuta nyuzi za fibrini kuelekea ndani. Chembe chochezi hazishiriki kuvuta, kwa sababu zikishavimba hupoteza ule mshiko wa fibrinojeni. Watafiti wa Urusi na wenzao walionyesha mwaka 2019 kwamba bonge linapojikunja huzisukuma chembe hizi nje, zikabaki kwenye uso wake. Yaani gati linaishia ukingoni, linapopakana na damu inayopita, mahali hasa ambapo shehena mpya inafika. Kwenye kidonda cha kisu hii ni rehema. Kwenye ateri nyembamba ya ubongo, uso ule unaoendelea kutoa trombini ni msiba.

Hapo ndipo tunarudi kwa shangazi. Ana presha ya miaka mingi na sukari kidogo, na ateri za mtu kama yeye hujaa utando wa mafuta ukutani. Utando huo ukipasuka, damu inakutana kwa ghafla na kolajeni pamoja na vitu vinavyozalisha trombini papo hapo. Hivyo ndivyo vichocheo viwili nilivyovitaja. Hakuhitaji chembe nyingi kupita kiasi. Alihitaji mahali palipopasuka, na chembe zilizo tayari kugeuka.

Kundi la Oklahoma liliendelea na uchunguzi wao kwa wagonjwa wa kiharusi, na walichokikuta kinafikirisha. Waliopata kiharusi cha kuziba walielekea kuwa na kiwango cha juu cha chembe hizi zilizojifunika. Waliovuja damu ndani ya ubongo walielekea kuwa na kiwango cha chini kuliko watu wazima wenye afya. Na miongoni mwa waliowahi kupata kiharusi kidogo cha kupita, wenye kiwango cha juu walirudiwa zaidi. Huu ni uhusiano, haujathibitisha kwamba chembe hizo ndizo chanzo. Lakini unatuonyesha kitu ambacho mstari wa 236 haukuweza kukionyesha.

Binamu yangu aliuliza pia kuhusu aspirini, kwa kuwa daktari alimwandikia shangazi baada ya picha kuthibitisha hakuna damu iliyomwagika. (Bila picha hiyo mtu asijaribu kumpa mgonjwa wa kiharusi aspirini nyumbani. Kama ni cha kuvuja, utazidisha.) Aspirini hufunga kimeng'enya kimoja ndani ya chembe sahani, na kwa kuwa chembe haina kiini cha kutengeneza kingine, hubaki imefungwa maisha yake yote. Inapunguza wito wa chembe kuita wenzake, na imewaepusha watu wengi na kiharusi cha pili. Klopidogreli, dawa nyingine ya namna hiyo, hufunga mlango mwingine wa wito. Zote mbili zinalenga kushikana. Njia ya kolajeni na trombini inayojenga gati haiguswi sana nazo, na hii yaweza kuwa mojawapo ya sababu watu wengine hupatwa na bonge la pili wakiwa wanameza dawa zao vizuri, bila kukosa hata siku.

Dengue nayo nisiiache, maana ndiyo iliyotufundisha kuhesabu. Virusi vya dengue huziamsha na kuziua chembe sahani, mitokondria zake zikaharibika na mafuta ya ndani yakatokeza nje, safari hii kwa njia ya kifo cha seli. Zilizobaki kwenye damu si lazima ziwe nzima. Kwa hivyo kuongeza namba peke yake hakumwokoi mgonjwa. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Singapore na Malaysia, ambapo watu wazima wenye dengue na chembe 20,000 au chini yake, wasiovuja damu, waliongezewa chembe sahani kama kinga. Hawakuvuja kidogo kuliko wale ambao hawakuongezewa, na walipata madhara zaidi ya kuongezewa. Tangu nilipolisoma jaribio hilo, mtu akinipigia simu kuhusu themanini na nne, namuuliza kwanza: anakojoa? Tumbo linauma sana? Anatapika mfululizo? Anatoka damu kwenye fizi? Katika dengue kinachoua zaidi ni majimaji kuvuja kutoka kwenye mishipa, na dalili hizo hutuonya kuliko namba. Kisha nasema ampe parasetamoli na maji ya kunywa, na asinunue diklofenaki wala ibuprofeni wala aspirini kwenye duka la dawa. Majani ya mpapai sigombani nayo. Nagombana na kukaa nyumbani ukisubiri namba ipande.

Wakati wa Korona jambo hili lilionekana upande wa pili. Watafiti wa Tübingen, Ujerumani, walionyesha mwaka 2021 kwamba kingamwili za baadhi ya wagonjwa waliokuwa mahututi ziliweza kuzigeuza chembe sahani za mtu mwenye afya kuwa chembe chochezi. Wagonjwa hao waliganda damu kwenye mapafu na miguu hata hesabu zao zikiwa zimeshuka. Vivyo hivyo katika tatizo lisilo la kawaida la heparini, dawa ya kuzuia mgando, ambapo chembe hupungua na mabonge huongezeka kwa wakati mmoja. Ukishikilia kwamba chache maana yake ni kuvuja, tatizo hilo utalitibu kinyume.

Na hapa Pwani tuna watoto wengi wa selimundu. Kwao hata chembe nyekundu zinazojikunja hutokeza fosfatidilserini nje, kwa hivyo gati liko kila mahali, na kiharusi huwapata wakiwa bado shule ya msingi. Hilo linastahili makala yake.

Je, tunaweza kulifunga gati lenyewe? Hakuna dawa inayotumika hospitalini leo kwa kusudi hilo. Kwenye maabara za utafiti wameonyesha kwamba asetazolamidi, dawa ya zamani ya presha ya macho, na jamaa zake hupunguza ule uvimbaji wa chembe. Hilo bado ni la maabara, mtu asiende kuitafuta dukani. Ugumu uko wazi: mgonjwa wa Scott anatuonyesha kinachotokea gati likifungwa lote. Anayetafuta dawa anatafuta kulipunguza ndani ya ateri iliyoharibika, huku akiliacha lifanye kazi kwa mama aliye leba. Wapo wanaotumaini kwamba kwa kuwa mgonjwa wa Scott havuji ovyo ovyo kila siku, ila anapojeruhiwa au kujifungua, nafasi hiyo ipo. Natumaini wako sahihi.

Wakati huo haujafika, kwa hivyo binamu yangu nilimwambia yaliyo mikononi mwetu. Presha ya shangazi ipimwe na dawa zake zisikatishwe akijisikia nafuu. Sukari iangaliwe. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakikwama, asingojewe mafuta ya kuchua. Avushwe feri saa hiyo hiyo, kwa kuwa dawa ya kuyeyusha bonge kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Akauliza, basi ile plateleti 236 tuitupe? Nikamwambia tuitunze kwenye faili, inatuambia uboho wake unafanya kazi na kwamba aspirini anaweza kupewa. Kipimo cha kuonyesha ni chembe ngapi kati ya hizo zinageuka kuwa gati kinahitaji mashine ya leza na damu iliyotolewa muda si mrefu, nacho kwa sasa ni cha watafiti. Siku kitakapoingia kwenye fomu za kawaida, nataka mstari wake uwe chini tu ya ule ambao binamu yangu ameuzoea.